Sauti za waliohama zisikae kwenye kashe tu

Redio za Butembo na Beni hurekodi matangazo ya familia zilizokimbia vita: mtoto aliyepotezana na wazazi, mama anayetafuta wake. Rekodi zikijaa, kompyuta inakuwa nzito, na fundi anashauri kuongeza SSD kama kashe mbele ya diski ngumu. Ushauri mzuri. Diski ngumu huzunguka na kutafuta. SSD haizunguki, inajibu mara moja. Ni kama muuzaji sokoni: zinazoombwa sana ziko mezani, nyingine ziko depo.

Lakini kashe isaidie kusoma tu. Ikiachiwa kupokea rekodi mpya kabla ya diski ngumu, siku SSD inakufa tangazo la asubuhi linakufa nalo, na pengine mafaili mengine yanaharibika. Heri kungoja kidogo.

Na diski nne zilizounganishwa si nakala. Studio ikiungua au kuporwa, zote zinaenda pamoja. Beni na Butembo zimeachana kilomita 50 na kitu. Redio mbili zinaweza kutunziana nakala. Kama pesa inatosha kitu kimoja, diski ya nakala inunuliwe kwanza, SSD ingoje.