Betri ya Boti Isilale Chumbani kwa Bi Harusi



Leo tunasema jambo ambalo makungwi wetu hawaligusi. Tunafundishwa kufukiza udi na kupika pweza wa nazi. Hakuna anayetuambia la kufanya mume anapopandisha betri ya boti ghorofani, akaichaji pembeni ya kitanda, nasi tukawasha chetezo chumba hichohicho.

Wavuvi wa dagaa hapa Tanga walizoea karabai. Siku hizi wapo wanaotumia taa za betri. Mume akiiacha betri ufukweni Sahare au Deep Sea, huenda asiikute asubuhi. Hilo tunalielewa, ndiyo riziki ya nyumba. Tunachokataa ni chumba cha kulala kugeuzwa karakana.

Betri ya asidi ikichajiwa, hasa ikikaribia kujaa, hutoa gesi ya haidrojeni. Haina rangi wala harufu, na kwa wepesi wake hupanda hadi darini. Ikifika sehemu 4 tu kati ya 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Sembuse kaa la chetezo? Na betri ya ampea-saa 100 kwa chaja ya ampea 10 huchukua saa 10 au zaidi. Yaani usiku kucha, tumelala, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu.

Watasema mke mwema haingilii kazi ya mumewe. Tunawajibu: Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuzima moto kabla ya kulala, na mafunzo hayo ni ya mume na mke. Kulinda nyumba si utovu wa adabu.

Basi mwambie kwa upole, lakini usirudi nyuma. Betri ikae roshani, kwenye hewa na kivuli, mbali na watoto, jiko la gesi na chetezo. Isiwekwe kwenye ngazi wala mlango wa kutokea. Ichajiwe mchana, mtu akiwa macho, kwa chaja ya aina yake. Ya lithiamu ina chaja yake. Vibanio vifungwe kwanza, ndipo umeme uwashwe. Wakati wa kutoa, umeme uzimwe kwanza. Kama hakuna roshani, ipelekwe kwa fundi wa kuchaji betri. Hiyo pesa ni ndogo kuliko gharama ya kuungua.

Ikinuka yai bovu au ikivimba, zima swichi kuu, usiguse vibanio, tokeni nje. Asidi ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi mfululizo, dakika 20 au zaidi, kisha hospitali.

Mahari hurudishwa, vyombo hununuliwa. Macho ya mtoto hayanunuliwi. Usiku wa leo, kabla hujafukiza, tazama kwanza chini ya kitanda.

Allah azihifadhi nyumba zetu. Amin.