Shamba la Mama Mkwe

Mwezi huu tuzungumze habari ambayo wengi tunaona ni ya wataalamu wa mjini: wingi wa watu duniani. Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba tumefika bilioni 8. Nilipoisikia redioni sikuwaza dunia. Niliwaza shamba la mama mkwe wangu, Kumsenga.

Yeye alipoolewa alikuta shamba linaloteremka mpaka bondeni. Akilima upande mmoja, upande mwingine unaota majani miaka mitatu minne, unapumzika. Alivuna maharage bila kujua mbolea ya dukani. Akazaa tisa, wakapona saba, wanaume watano. Shamba likakatwa vipande vitano. Mimi nikiwa kwangu napalilia, naongea na mke wa shemeji akiwa kwake bila kupaza sauti. Hakuna pa kupumzisha udongo. Ndiyo maana mihogo imechukua nafasi ya maharage, kwa kuwa mihogo huvumilia ardhi iliyochoka.

Sensa ya 1967 ilikuta mkoa wa Kigoma una watu wapatao 470,000. Sensa ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 2.4. Ni mara tano katika miaka 55, wakati dunia nzima haikufika hata mara tatu.

Najua jibu letu la haraka: ni wakimbizi. Tumewapokea Warundi mwaka 1972, wakaja tena kwa wingi 1993 na 2015, na Wakongo wako Nyarugusu tangu 1996. Kati ya sensa ya 1988 na ya 2002 mkoa wetu uliongezeka kwa asilimia 4.8 kila mwaka, kuliko mkoa wowote nchini, na wakimbizi wamo katika hesabu hiyo. Ugomvi wa kuni nao tunaujua. Mahindi na maharage makavu ya mgao yanataka moto wa saa nyingi, basi mwanamke wa kambini na mwanamke wa kijijini wakafuata kuni pori lile lile. Wengine walibakwa huko. Sipunguzi uzito wa jambo hilo. Lakini shamba la mama mkwe halikukatwa na mkimbizi hata mmoja. Tumelikata wenyewe.

(Na wale wa nchi tajiri wanaotunyoshea kidole kwamba tumeijaza dunia, nao wahesabu magari yao. Mafiga yangu matatu hayajachafua hewa kiasi hicho.)

Mimi nilisimama kwenye watoto wanne. Nilikwenda zahanati, kwenye bango la nyota ya kijani, baada ya kusemezana na mume wangu usiku mwingi. Mama mkwe alinuna karibu mwaka mzima. Alisema Mungu ndiye anayelisha, na mimi sikubishana naye juu ya Mungu. Nilimwelewa. Aliyezika watoto wawili hawezi kuwaona wanne kuwa wanatosha. Siku hizi chanjo zinawakinga watoto wetu na surua iliyokuwa ikimaliza nyumba, lakini hofu ya mama haiondoki kwa sindano.

Si mimi peke yangu niliyesimama. Utafiti wa taifa wa afya wa 1991/92 ulikuta mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto zaidi ya 6. Ule wa 2022 ulikuta 4.8. Wenye elimu ya sekondari huzaa wachache zaidi, kwa hiyo anayemwachisha binti shule ili aolewe asije akalalamika kwamba ardhi haitoshi.

Siku moja tukipanda pamoja nilimwuliza, kwa heshima: "Mama, hawa wajukuu uliotaka niongeze, ungewaonyesha walime wapi?" Hakunijibu. Alikwenda mpaka kwenye jiwe la mpaka, akalisafisha majani kwa jembe, akarudi kupanda.

Kijana wangu mkubwa sasa anataka kuoa. Ametuma ujumbe kwamba Krismasi anakuja kuonyeshwa sehemu yake. Baba yake amekwisha pima kwa miguu: hatua 70 kwa 40. Na wana wa kiume tunao wawili.