Daftari la Dagaa

Katika Nkome, kando ya Ziwa Viktoria mkoani Geita, mtoto wa darasa la nne aweza kumweleza mwalimu wake ni usiku gani mitumbwi ya dagaa haitatoka. Anajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti dagaa. Mtoto huyohuyo akiingia darasani hufundishwa sayansi kwa kukariri mapezi, magamba na matamvua. Naamini hapo ndipo tunapompoteza mtafiti.

Wapo wanasayansi ambao kazi yao ni kutabiri hali ya viumbe na mazingira yao: samaki watapungua au wataongezeka, magugu maji yatasambaa wapi. Neno utabiri lisitutishe. Mpiga ramli hatoi daftari lake likaguliwe, ilhali mtaalamu huyu hana budi kuonyesha hesabu zake na kukiri alipokosea. Msingi wa hesabu hizo hata darasa la tano wanauweza: chukua samaki waliopo, jumlisha wanaozaliwa, toa wanaovuliwa, toa wanaoliwa na wenzao. Kompyuta huzirudia mara maelfu, lakini tarakimu za kuanzia hutoka kwa watu wanaosimama mwaloni na mizani.

Tukumbuke yaliyowapata furu. Sangara alipandikizwa ziwani humu katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1977 watafiti kutoka Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu katika Ghuba ya Mwanza, wakikokota wavu katika vituo vilevile mwaka hata mwaka. Sangara walipoongezeka ghafla katika miaka ya 1980, furu wakatoweka nyavuni, jamii baada ya jamii. Hasara ile iliweza kupimwa kwa sababu hesabu za awali zilikuwapo. Leo Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ina kituo Mwanza, na chuo cha uvuvi kipo Nyegezi. Sidhani kama watoto wengi wa Nkome wamewahi kuambiwa kwamba kazi hizo zaweza kuwa zao.

Basi mwanachuo atakayepangiwa shule ya kando ya ziwa na aanze na daftari moja lenye mistari. Kila siku ya shule darasa liandike tarehe, umri wa mwezi, mitumbwi iliyotoka usiku, na ndoo za dagaa zilizoshushwa na mtumbwi mmoja uliochaguliwa, ambao haubadilishwi ovyo. Baada ya miezi miwili wachore grafu. Kisha, na hili ndilo jambo lenyewe, kila mwanafunzi aandike makisio ya juma lijalo kabla halijafika, kwa kalamu ya wino asije akayafuta. Juma likiisha watoe tofauti kati ya makisio na ndoo zilizohesabiwa. Siku moja mwezi utakuwa mchanga na bado ndoo zitakuwa chache. Mwalimu asikimbilie kueleza, bali aulize. Atatokea mtoto wa kusema kwamba usiku ule ulivuma upepo. Hapo daftari litapata safu mpya ya upepo, na darasa litakuwa limeboresha kielelezo chake kama wafanyavyo watafiti.

Wapo walimu wasemao mambo haya yangoje sekondari yenye kompyuta. Sikubaliani nao, kompyuta haimfundishi mtu uaminifu wa kuandika ndoo tatu alipotamani ziwe tisa. Hofu yangu ni nyingine. Mialo huwavuta watoto kutoka shuleni, na kazi hii isiwe kisingizio cha utoro. Waende wawili kwa zamu, pamoja na mwalimu, kwa dakika chache, au mzazi mvuvi alete hesabu mwenyewe.

Tena mwalimu akihamishwa asiondoke na daftari. Libaki katika kabati la shule, likiwa na jina la mwanafunzi aliyeandika kila ukurasa.