Bomba Lililovunjika Kando ya Kiungo

Wakati wa mazoezi ya kufundisha niliwahi kukaa nyuma ya darasa la tano, katika shule moja ya Bonde la Kilombero, nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha pembetatu. Andalio lake lilikuwa safi, michoro ilinyooka, na watoto walitamka kwa pamoja kwamba pembetatu ni umbo lenye pande tatu. Ndipo mtoto mmoja akauliza. Fremu ya baiskeli ya baba yake ilichomelewa mjini Ifakara, fundi akajaza chuma kingi. Lakini ilipobeba gunia la mpunga ikavunjika tena, si pale palipochomelewa bali kando yake. Kwa nini? Mwalimu akajibu kwamba hilo halimo katika somo la leo.

Kwa maoni yangu, swali lile ndilo lililokuwa somo.

Jibu lake si gumu. Bomba la chuma hupata sehemu ya nguvu zake kiwandani, linapovutwa likiwa baridi. Moto wa kuchomelea hulilainisha jirani na kiungo. Kiungo chenyewe, kwa kuwa kimejazwa chuma, hakipindi. Basi mzigo huangukia pale palipolainika. Kuongeza chuma hakuondoi udhaifu huo, na pengine huuzidisha, maana moto hukaa mahali pamoja muda mrefu zaidi.

Mafundi wa ndege ndogo hukabiliana na jambo hilohilo, tena kwa hatari kubwa zaidi. Ndege aina ya Piper Super Cub, ambayo imetumika miaka mingi katika ulinzi wa wanyama huko Tsavo, Kenya, ina kiunzi cha mabomba membamba ya chuma kilichofunikwa kitambaa. Mabomba hayo yamepangwa kwa pembetatu hadi mkiani. Mkia hubeba gurudumu dogo la nyuma, hivyo hupata mshtuko kila ndege inapotua. Na maji huteremkia huko yakatia kutu ndani. Bomba likiharibika vibaya, fundi mwenye leseni hafuniki ufa kwa chuma akaondoka. Hukata sehemu mbovu, kisha huunga bomba jipya kwa kipande kinachoingizwa ndani au kuvikwa nje, na ncha hukatwa mshazari au kwa umbo linaloitwa mdomo wa samaki. Sababu ni kwamba mshono usizunguke bomba kama pete, na udhaifu wote usikutane mahali pamoja. Mtoto wa Kilombero aliyezoea kuona kambale sokoni hahitaji kuchorewa umbo hilo. Kabla ya kuchomelea mfululizo, fundi hushikiza kiungo kwa nukta chache pande zote, ili joto lisipinde kiunzi. Mwishoni hutia mafuta ya kitani ndani ya bomba kuzuia kutu.

Siwashauri mwanze na ndege. Anzeni na matete manne yaliyofungwa kwa kamba yawe mraba. Mtoto ausukume, utalala. Aongeze tete la mshazari, utasimama. Kisha chukueni spoki mbili za baiskeli kuukuu. Moja mwalimu aitie katika makaa mpaka iwe nyekundu, aiache ipoe polepole, halafu watoto wazipinde zote mbili. Ile iliyopita motoni itapinda kwa urahisi, na swali la yule mtoto litakuwa limejibiwa mikononi mwao.

Wapo watakaosema muhtasari ni mzito na mtihani uko mbele. Ni kweli. Lakini kipindi nilichokiona kilitumika karibu chote kurudia maana ambayo watoto waliijua tangu dakika ya kwanza. Tangu Mwalimu Nyerere atoe Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 tumekuwa tukisema kwamba shule isitengwe na kazi za watu. Nasi bado twaona bustani ya shule kuwa kazi, karakana ya fundi hatuioni.

Mkienda kwa fundi, tangulieni peke yenu mkamwombe ruhusa na mabomba mabovu anayotupa. Watoto wasiangalie mwanga wa umeme wa kuchomelea, hata wakiwa mbali, na wasikaribie mitungi wala kabaidi. Fundi akiwa tayari kuzungumza, mwacheni aeleze mwenyewe, nanyi mketi pamoja na watoto.