MZIGO NI WA NANI?

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita magunia yalilala nje ya ghala, mvua ikayanyeshea. Karani wa mizani akasema, "Mimi napima tu." Mtunza ghala naye, "Sijakabidhiwa." Katibu akasingizia gari. Korosho zikashuka daraja, hasara tukabeba wakulima.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uingie kwenye korosho mwaka 2007, mzigo unapita mikono mingi: mizani, ghala la chama, gari, ghala kuu, mnada, ndipo malipo. Kila kituo kina mtu wake. Katikati ya vituo hakuna mwenyewe, na hapo ndipo tunapoumia.

Maoni yangu ni haya. Mkutano mkuu uandike kila hatua na jina moja mbele yake. Siyo "kamati", jina! Mwenyewe akubali mbele yetu. Anayekabidhi atie sahihi, anayepokea atie sahihi. Bila sahihi ya pili, mzigo bado ni wa yule wa kwanza.

Wengine watasema hatuaminiani. Hapana, ndugu zangu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari humkinga mwaminifu asiitwe mwizi.

Ni mimi, mwanachama mwenzenu.