Zau, Kalunga na Sauti ya Kiswahili
Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa video wa mchezaji mmoja uliotolewa Aprili 2024 na Surgent Studios ya Uingereza, iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji mwenye asili ya Kenya aliyeutunga baada ya kufiwa na babake, unamfuata Zau, mganga kijana anayefanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili baba yake arudishwe. Mchezaji hubadilisha vinyago viwili, cha jua chenye moto na cha mwezi chenye barafu. Mapigano hujirudia mno, lakini sauti za Kiswahili zimo, na kijana wa Chekalini, nchini Kenya, aliyekua akisimuliwa ngano, afadhali auchague mchezo huu kwa lugha hiyo kuliko kwa Kiingereza.