Mwanamke Aliyeogopa Naye Ana Hadithi

Vita vya Mau Mau vimetupa riwaya si haba. Hata hivyo, tunapozifundisha, mwanamke huwa ni yule tu aliyewapelekea wapiganaji chakula msituni. Aliyeogopa hatajwi.

Kwa maoni yangu, huyo ndiye mtihani wa mwandishi. Kuanzia 1954 Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya milioni moja walisukumwa katika vijiji vilivyozingirwa kwa mahandaki. Wanawake waliyachimba kwa shokoa, homugadi wakiwasimamia kwa bunduki. Mke wa homugadi alikula unga ambao jirani yake aliukosa. Jirani naye, mtoto akilia njaa, huenda alitaja jina la mtu. Tuwaite wasaliti? Tusisahau Lari, Machi 1953, ambako wake na watoto wa homugadi waliteketezwa majumbani mwao. Hofu ilitoka pande zote mbili.

Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alilitambua hilo. Katika A Grain of Wheat, iliyochapishwa 1967, Mumbi anazaa na Karanja, kibaraka wa wakoloni, ilhali Gikonyo mumewe yuko kizuizini. Mwandishi hamtakasi wala hamlaani, anamwacha ajieleze. Nimewaona walimu wakilimaliza suala zima kwa neno moja ubaoni, "msaliti", na wanafunzi, maskini, wakinakili. Heri wangewauliza: kama ungekuwa wewe kijijini humo, mtoto mgongoni na homugadi mlangoni, ungenyamaza hadi lini?